Picha ya vipele vya mtoto: Kwa nini daktari haoni unachokiona?

Saa tatu usiku mtoto wa miaka miwili amelala kitandani. Mwili una joto na vipele vimetapakaa mgongoni na tumboni. Mama yake anachukua simu, anapiga picha moja ya haraka na kumtumia daktari anayemfahamu, ndugu wa jirani yake.

“Dokta, samahani kwa usumbufu wa usiku huu. Naomba uniangalizie mtoto, ametoka vipele mwili mzima,” anaandika.

Jibu linarudi baada ya dakika chache. “Bila samahani dada. Lakini mbona sioni kipele hata kimoja? Naona ngozi inang’aa tu.”

Mama anarudia. Safari hii anaisogeza simu karibu kabisa na ngozi, picha inatoka na ukungu. Ya tatu anaipiga bila flashi, chini ya balbu ya chumbani, mtoto akiwa juu ya kanga nyekundu. Sasa kila kitu ni chekundu, hadi mto. Nusu saa imepita, bando linapungua, na daktari bado hajaona kile ambacho mama anakiona kwa macho yake.

Hali hii inazikuta familia nyingi siku hizi. Picha ya simu imekuwa hatua ya kwanza kabla ya kwenda zahanati, hasa usiku au mahali ambapo kituo cha afya kiko mbali. Picha ikiwa mbaya, hasara yake si muonekano tu. Kipele chenye maji, kilichokauka na cha kuumwa na mdudu vyote vinageuka kuwa doa moja lisilo na maana.

Habari njema ni kwamba tatizo hili mara nyingi halitokani na simu kuwa ya bei rahisi, na mzazi anaweza kulitatua mwenyewe.

Anza kwa kutafuta picha imeharibikia wapi

Kabla ya kurudia kupiga, mzazi aifungue picha kwenye simu yake mwenyewe, sehemu zinapohifadhiwa picha, siyo ndani ya mazungumzo ya WhatsApp. Aikuze kwa vidole viwili na kuangalia kipele kimoja.

Kama hata hapo kipele hakionekani vizuri, picha iliharibika wakati wa kupigwa. Hakuna namna ya kuituma itakayoiponya. Inabidi ipigwe upya.

Kama hapo inaonekana safi lakini kwa daktari imefika na ukungu, imeharibika njiani. Hapo hakuna haja ya kumwamsha mtoto tena. Kinachobadilishwa ni namna ya kuituma.

Swali hilo moja, imeharibika kwenye kupiga au kwenye kutuma, linaokoa muda na bando.

Makosa ya kupiga

La kwanza ni lenzi chafu. Simu ya mzazi hushikwa na mikono yenye mafuta ya kupikia, losheni na uji wa mtoto. Alama ya kidole kwenye lenzi inatosha kuipa picha nzima ukungu, na taa zikawa na miale. Kitambaa laini cha pamba kilicho safi kinatosha kuifuta.

La pili ni kukaribia mno. Kamera ya simu, kama jicho, ina umbali ambao ikiuvuka haiwezi kuona vizuri. Simu nyingi hushindwa kitu kinapokuwa karibu kuliko upana wa kiganja. Umbali wa rula ya shule, yaani sentimita 30, unafaa zaidi. Mzazi aguse kioo cha simu pale penye kipele ili kamera ijue pa kulenga, asubiri kidogo, kisha apige. Sehemu isiyotakiwa ataikata baadaye.

La tatu ni kuzuumu. Katika simu nyingi za kawaida, kuvuta picha kwa vidole wakati wa kupiga hakuongezi chochote. Simu inakata kipande cha katikati na kukitanua, kama kuvuta mpira wa puto lenye maandishi. Herufi zinakua, lakini wino ni ule ule.

La nne ni mwanga. Flashi ikipigwa kwa karibu huchoma rangi, na ngozi yenye jasho au mafuta hung’aa mpaka vipele vinapotea. Ndicho kilichotokea kwenye picha ya kwanza ya mama yule. Gizani nako kuna shida nyingine. Simu hulazimika kuacha kamera wazi kwa muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga, mtoto akijigeuza kidogo tu picha inacheza. Halafu simu hujaribu kusafisha chenga za giza kwa kulainisha picha, na vipele vidogo hulainishwa navyo.

Mwanga bora ni wa mchana, karibu na dirisha au mlangoni, bila jua kumpiga mtoto moja kwa moja. Kama ni usiku na hali hairuhusu kusubiri, mzazi atumie taa yenye mwanga mweupe, au mtu mwingine amulike kwa tochi ya simu ya pili kutoka pembeni, akiwa mbali kidogo. Mwanga wa pembeni una faida moja zaidi: unatengeneza vivuli vidogo vinavyoonyesha kama kipele kimeinuka au ni doa bapa.

La tano ni rangi za jirani. Kamera hukisia rangi kwa kuangalia kila kilichomo kwenye picha, na kanga nyekundu au neti ya bluu huipotosha. Mtoto alazwe juu ya shuka jeupe au la rangi iliyopoa, na karatasi nyeupe iwekwe pembeni ya vipele. Daktari akiiona karatasi imekuwa ya njano, anajua na ngozi imeongezewa njano. Rula au sarafu ya shilingi 200 kando ya kipele humsaidia kujua ukubwa wake, ila sarafu isiachwe karibu na mkono wa mtoto, maana itaishia mdomoni.

La sita husahaulika sana, nalo ni filta. Simu nyingi huja na kipengele cha urembo ambacho hulainisha ngozi chenyewe, hasa kwenye kamera ya mbele. Kilitengenezwa kuficha chunusi, hivyo kinaficha na vipele vya surua. Mzazi atumie kamera ya nyuma na kuhakikisha kipengele hicho kimezimwa.

Makosa ya kutuma

Picha ya simu yenye megapikseli 12 ina nukta kama milioni 12. WhatsApp ikiituma kwa ubora wa kawaida, huipunguza hadi karibu nukta milioni mbili, kisha huibana zaidi ili isafiri haraka na isile bando.

Kubana huko hufanywa kwa kutupa taarifa ambazo jicho haligundui upesi. Mabadiliko madogo ya rangi hutupwa kwanza, pamoja na michoro midogo midogo. Kwa picha ya harusi hilo halina madhara. Kwa picha ya vipele, mabadiliko madogo ya rangi na michoro midogo ndiyo habari yenyewe.

Kuna njia mbili za kulikwepa. Ya kwanza ni alama ya HD inayotokea juu ya picha kabla ya kuituma. WhatsApp iliiongeza mwaka 2023, lakini simu nyingi bado hutuma kwa ubora wa kawaida mpaka mtumaji aiguse.

Ya pili ni kuituma picha kama dokumenti, kwa njia ile ile inayotumika kutuma barua au fomu. Hapo inafika kama ilivyo. Tahadhari yake ni kwamba inakula bando zaidi, na kama kamera ilikuwa inarekodi mahali, taarifa za mahali ilipopigwa nazo zinasafiri ndani ya faili. Njia hii ni ya mtu anayeaminika tu.

Kinachoharibu kuliko vyote ni skrinishoti. Mama anamtumia baba, baba anapiga skrinishoti na kumtumia wifi, wifi anaikata na kumtumia daktari. Kila mkono unapunguza kitu. Ni kama nakala ya fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi. Picha iende kwa daktari kutoka kwenye simu iliyoipiga. Ikishindikana, itumwe kwa kitufe cha kusambaza cha WhatsApp, bila kukatwa wala kupigwa skrinishoti.

Wakati mwingine, kosa liko upande wa pili. Picha ambayo haijapakuliwa huonekana na ukungu na alama ya mshale katikati. Mzazi amuulize daktari kwa heshima kama imefunguka kabla ya kuanza kupiga nyingine.

Picha tatu zinatosha

Daktari hahitaji picha 20. Anahitaji tatu nzuri. Ya kwanza iwe ya mbali, ionyeshe vipele viko sehemu gani za mwili na vimeeneaje. Ya pili iwe ya karibu, kwa umbali wa rula. Ya tatu ipigwe kutoka ubavuni, ionyeshe kama vimeinuka.

Ziende na maelezo mafupi: umri wa mtoto, vipele vilianza lini na wapi, vinawasha au haviwashi, ana homa au hana, anakohoa, macho ni mekundu, ametumia dawa gani, na chanjo amepata zipi. Hilo la mwisho lina uzito wake. Chanjo ya surua na rubela hutolewa nchini kwa mtoto wa miezi 9 na kurudiwa akiwa na miezi 18, na kadi ya kliniki inajibu swali hilo.

Jambo jingine ni rangi ya ngozi. Wekundu unaosemwa vitabuni hauonekani hivyo kwa watoto wetu wengi. Kwenye ngozi nyeusi unaweza kuonekana kama zambarau, kahawia au weusi uliokolea. Kwa hiyo ni vizuri kupiga pia viganja, nyayo na ndani ya mdomo, ambako rangi hujitokeza zaidi.

Sura ya mtoto isiwemo kama usoni hakuna vipele. Sehemu za siri zisipigwe wala kutumwa. Kama tatizo liko huko, mtoto apelekwe kituoni. Picha zisiwekwe kwenye makundi wala status kuomba ushauri, na zifutwe kwenye simu kazi ikiisha.

Pale ambapo simu iwekwe chini

Kuna wakati ambapo hata picha safi ni kupoteza muda. Mtoto apelekwe kituo cha afya mara moja kama hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila anachokula, amepata degedege, amelegea au haamki vizuri, au anapumua kwa shida.

Vivyo hivyo kwa mtoto mwenye homa na madoa yasiyofifia yanapobonyezwa. Mzazi achukue glasi safi inayoonyesha, aibonyeze juu ya doa na kuangalia kupitia humo. Doa lisipofifia, huenda damu imevuja chini ya ngozi, na hiyo ni dharura. Kwenye ngozi nyeusi, viganja na nyayo vikaguliwe pia. Doa likififia lakini mtoto bado yuko hoi, glasi isimtulize mzazi. Mtoto apelekwe.

Ndiyo maana usiku ule, baada ya picha ya tatu, daktari aliacha kuomba nyingine na kuanza kuuliza maswali. Mtoto anakunywa? Anakunywa. Anapumua vizuri? Ndiyo. Ukimwita anaitika? Anaitika, ametoka kudai maji. Madoa yanafifia chini ya glasi? Yanafifia. Mama akaambiwa ampe maji mara kwa mara, aangalie dalili zile usiku kucha, zikitokea asisubiri, na asubuhi ampeleke kituoni.

Saa moja asubuhi, kabla ya kutoka, akafuta lenzi kwa pindo la kitambaa, akamsimamisha mtoto karibu na mlango na kupiga picha tatu. Akagusa HD, akatuma.

Jibu halikuchelewa. “Sasa naona, dada. Kuna vyenye maji na kuna vilivyoanza kukauka, vyote kwa pamoja. Huenda ni tetekuwanga. Usimpe aspirini. Mkifika, waambie mapokezi kwanza kabla ya kukaa, maana kliniki leo ina wajawazito na vichanga.”

Tetekuwanga huambukiza kwa urahisi na inaweza kuwa hatari kwa mjamzito ambaye hajawahi kuugua. Kituoni, mama yule hakukaa kwenye benchi la foleni. Alisubiri nje chini ya mti, mtoto akiwa mapajani, mpaka muuguzi alipotoka kumwita.