Peptidi na Ngozi ya Ujana

Akina mama wengi, na akina baba pia ijapokuwa wao huuliza kwa kunong'ona, wataka kujua kama krimu zenye peptidi, zinazouzwa kwa bei ya kutisha, zaweza kuirudisha ngozi ujanani. Kuirudisha, la. Kuisaidia kidogo, yamkini.

Ngozi hushikwa imara na protini iitwayo kolajeni, mfano wa fito katika nyumba ya udongo. Kadiri umri unavyosonga fito hizo hupungua, na jua kali na sigara huziharibu upesi zaidi. Ndipo mikunjo inapoanza. Peptidi ni vipande vifupi vya protini. Kolajeni ikivunjika, baadhi ya vipande vyake huwa kama tarishi: huzipasha habari chembe hai za ngozi, nazo hushika kazi ya kutengeneza nyingine. Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, Loren Pickart, aliitenga katika damu ya binadamu peptidi ndogo inayoshikamana na madini ya shaba, ambayo sasa hutiwa katika vipodozi kadhaa.

Taabu ni kwamba ngozi ni mlango uliofungwa. Kolajeni yenyewe ikipakwa haipiti, kwani ni kubwa mno. Hubaki juu ikilainisha tu. Peptidi ndogo, hasa iliyounganishwa na mafuta, hupenya kiasi. Majaribio yameonyesha mikunjo ikififia baada ya majuma kadhaa, wala si kutoweka, na mengi yaligharimiwa na watengenezaji wenyewe!

Basi mfanyakazi anayetaka kumega mshahara kwa ajili ya kichupa hicho, na atazame kwanza sahani ya nyumbani. Maharage, dagaa na mayai hutoa malighafi ya kolajeni. Mapera yana vitamini C kupita machungwa, na pasipo vitamini hiyo kolajeni haisukwi sawasawa. Mwavuli wakati wa jua la mchana nao si wa kudharauliwa.

Lakini krimu isiyoandikwa viungo vyake, inayoung'arisha uso kwa siku chache, hiyo si kazi ya peptidi. Aghalabu imetiwa zebaki au haidrokwinoni. Zebaki huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Aliyekwisha kuanza kuipaka aiache leo, akamwone daktari, na kopo lake alichukue mkononi.