Kalemie: Kupandisha sauti ya ekuteri si sawa na kusikia

KALEMIE, Tanganyika – Kwenye meza za mafundi wa simu mjini Kalemie, ombi moja linarudi kila siku: «Fundi, ekuteri yangu inasema polepole. Niongezee sauti.» Fundi anachukua simu, anaingiza programu ya kuongeza sauti, anaisukuma hadi mwisho, anapokea faranga zake. Mteja anavaa ekuteri, anatabasamu, anaenda zake. Siku chache baadaye anarudi na malalamiko mawili: sauti sasa inakwaruza, na usiku sikio linalia lenyewe.

Wengi wanadhani hayo ni mambo ya vijana wanaopenda muziki. Sivyo. Katika mji huu ekuteri ndiyo redio ya watu wengi. Familia zilizokimbia mapigano ya Watwa na Waluba yaliyochacha mwaka 2016, familia zilizotolewa nyumbani na maji ya ziwa na ya mto Lukuga, na zile zilizoshuka kwenye mashua kutoka Kivu baada ya Bukavu kuanguka Februari 2025, nyingi hazikubeba redio ya mezani. Aliyebahatika alikimbia na simu. Na katika simu nyingi zenye redio ya FM, waya wa ekuteri ndio antena. Bila kuuchomeka, simu inakataa kufungua redio. Ndiyo maana ekuteri za bluetooth, hata za bei kali, hazisaidii hapo: hazina waya wa kushika mawimbi.

Kwa hiyo ekuteri ikisema polepole, kinachopotea si wimbo. Zinapotea habari za Radio Okapi, inayosema Kiswahili pamoja na lugha nyingine tangu Februari 2002. Yanapotea matangazo ya redio za hapa mjini kuhusu kipindupindu, ugonjwa ambao Kalemie inaufahamu miaka na miaka. Inapotea sauti ya shangazi aliyebaki Nyunzu, iliyotumwa kwa WhatsApp, akieleza kama shamba bado lipo au limechukuliwa.

Silabi moja tu

Kiswahili chenyewe kinaongeza hatari. Katika lugha hii, kukataza kunakaa ndani ya silabi ndogo. «Mrudi» na «msirudi» vinatofautiana kwa «si» peke yake. «Barabara imefunguliwa» na «barabara haijafunguliwa», «maji yanywewe» na «maji yasinywewe»: tofauti yote iko mwanzoni mwa neno, mahali ambapo msikilizaji mara nyingi bado hajatega sikio vizuri.

Tena herufi «s» ni sauti nyembamba, ya juu. Ekuteri iliyoziba uchafu inaimeza haraka. Kelele za pikipiki zinaifunika. Na sikio lililochoshwa na makelele linapoteza kwanza sauti nyembamba za aina hiyo, kabla ya zile nzito. Mtu wa namna hiyo atakuambia kwa uhakika kwamba redio ameisikia. Kweli ameisikia. Ila amesikia «mrudi» pale mtangazaji aliposema «msirudi», na kesho yake anafunga mizigo na kupandisha watoto kwenye lori.

Hapo ndipo makosa ya «niongezee sauti» yanapoonekana. Kinachotafutwa ni maneno yaeleweke, na kinachouzwa ni kelele. Ni vitu viwili tofauti, na mara nyingi kimoja kinaua kingine.

Programu hizo zinafanya nini hasa

Kila simu ina mashine ndogo ya kusukuma sauti, na nguvu yake ina mwisho. Programu haiongezi mashine mpya ndani ya simu. Inachofanya ni kukuza sauti kwa hesabu kabla haijafika kwenye waya. Sauti ndogo zinapanda, lakini zile zilizokuwa tayari kubwa zinagonga dari na kukatwa vichwa. Hizo zilizokatwa ndizo zinazokwaruza. Neno linafika sikioni likiwa kubwa na bovu, kama mtu anayepiga kelele huku amefunika mdomo kwa kitambaa.

Gharama nyingine haionekani. Programu nyingi za aina hiyo zinajaza matangazo ya biashara kwenye simu, zinakula mega, zinamaliza betri. Kwa mtu anayelipa kila mara simu yake inapochajiwa kwa jirani mwenye sola, betri ni pesa. Nyingine zinaomba ruhusa ya kuingia kwenye majina ya watu na kwenye maikrofoni, vitu visivyohusiana na kazi yake. Familia iliyokimbia watu wenye silaha haina sababu ya kumfungulia mgeni asiyejulikana orodha ya ndugu zake.

Kabla ya kulipa fundi, kuna mambo matano ya kujaribu bure.

La kwanza ni kichwa cha waya. Kava nene la simu linazuia ekuteri kuingia mpaka mwisho. Dalili yake ni ya ajabu: unasikia vyombo vya muziki kwa mbali, lakini sauti ya mwimbaji au ya msemaji imetoweka. Toa kava, sukuma mpaka isikike «tak». Kama bado, zima simu na uchungulie tundu: vumbi na nyuzi za mfukoni zinajikusanya humo. Kijiti chembamba cha mti kinatosha kuzitoa taratibu. Sindano na msumari hapana, chuma kinaharibu mguso wa ndani.

La pili ni uchafu wa sikio. Ekuteri ya miezi mingi ina nta kwenye matundu yake, na nta hiyo ni mlango uliofungwa. Igeuze uso chini, isugue kwa mswaki mkavu, igonge polepole kwenye kiganja. Usiioshe kwa maji. Mara nyingi sauti inarudi hapo hapo, na upande uliodhaniwa umekufa unafufuka.

La tatu ni mipangilio. Simu ina sauti zaidi ya moja: ya simu kulia, ya mazungumzo, ya muziki na redio. Mtu anapandisha moja akidhani amepandisha zote. Chomeka ekuteri, fungua redio kwanza, halafu ndipo ubonyeze kitufe cha kupandisha. Kisha ingia Paramètres, tafuta Accessibilité: huko simu nyingi zina mstari wa kushoto na kulia. Ukiwa umesogea upande, sikio moja linanyimwa. Huko huko mara nyingi kuna Audio mono, inayounganisha pande mbili kuwa moja. Kwa mwenye ekuteri iliyokufa upande mmoja, au sikio moja zito, hiyo peke yake inarudisha maneno yaliyokuwa yanapotea. Simu yenye égaliseur nayo isaidie: punguza besi, pandisha sehemu ya katikati, kwa maana sauti ya mtu inakaa hapo.

La nne ni mahali. Mabati yanazuia mawimbi ya redio. Aliye ndani ya nyumba ya mabati atoke nje au asogee dirishani, anyooshe waya badala ya kuukunja mfukoni. Redio inayochemka kama mafuta ya kukaanga samaki haina shida ya sauti ndogo. Inashika mawimbi vibaya, na ukiipandisha unapandisha mchemko.

La tano ni sikio lenyewe. Kama ekuteri ya jirani nayo inasema polepole kwako lakini kwake ni sawa, usiilaumu simu. Huenda nta imejaa sikioni. Njiti ya kiberiti na unyoya wa kuku vinaisukuma ndani zaidi na vinaweza kutoboa ngoma ya sikio. Kituo cha afya ndicho mahali pake, hasa kwa mtoto anayetoka usaha sikioni.

Sikio halina soko

Kuna watakaosema: haya yote ni ya watu wenye utulivu. Kwenye kambi, turubai kwa turubai, watoto wanalia, sufuria zinagongana, jirani anasali kwa sauti, jenereta inanguruma. Bila kupandisha mpaka mwisho, mtu atasikia nini?

Hoja hiyo ni ya kweli na inastahili jibu la kweli. OMS, Shirika la Afya Duniani, inasema zaidi ya vijana bilioni 1 duniani wako hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa ajili ya kusikiliza kwa namna isiyo salama. Kipimo chake ni hiki: sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kuivumilia saa 40 kwa wiki, ikifika 90, ni saa 4 tu kwa wiki nzima. Kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda huo nusu. Ndiyo maana OMS inashauri kubaki chini ya asilimia 60 ya mwisho wa sauti ya simu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyoshika sauti vikifa havioti tena. Simu iliyoharibika inapata nyingine siku moja. Sikio halina soko.

Basi katika makelele, dawa ni kupunguza makelele yanayoingia, si kuongeza yale ya waya. Ekuteri yenye mpira unaojaza tundu la sikio inafanya kazi kubwa kuliko programu yoyote, kwa sababu inafunga mlango kwa nje. Chagua mpira unaolingana na sikio lako. Ule mdogo unaacha besi itoke na kelele ziingie. Lakini ukiwa barabarani, acha sikio moja wazi. Wenye pikipiki hawapunguzi mwendo kwa ajili ya mtu aliyeziba masikio yote mawili. Na usiku kambini, mama aliyeziba masikio hasikii mtoto akikohoa wala mbwa wakibweka kwa mgeni.

Mzigo huu hauwezi kuachwa kwa msikilizaji peke yake. Wauzaji wa ekuteri sokoni wamruhusu mteja ajaribu kwenye simu yake mwenyewe kabla ya kulipa, tena kwa redio, kwa maana ekuteri inaweza kupiga ngoma vizuri na bado isieleweshe maneno. Fundi aanze na mswaki kabla ya programu. Atapata pesa kidogo siku ile na wateja wengi baadaye. Mashirika yanayohudumia wahami yafikirie redio moja yenye sola na spika kwa kila kundi la familia, pamoja na vikundi vya kusikiliza. Watu kumi wakisikiliza pamoja, mmoja akikosa «si», wengine tisa wamekwisha kuisikia. Ekuteri inamwacha kila mtu peke yake na kosa lake.

Redio nazo zina sehemu yao. Tangazo linalohusu uhai lisitegemee silabi moja. Badala ya «familia za Nyunzu, msirudi», mtangazaji aseme: «Familia za Nyunzu, bakini Kalemie. Barabara bado imefungwa.» Badala ya «maji ya ziwa yasinywewe», aseme: «Maji ya ziwa ni hatari. Tieni dawa au chemsheni kwanza.» Kisha arudie, taratibu, bila muziki nyuma yake. Maneno kama hayo yanapita hata kwenye ekuteri mbovu, hata kwenye sikio la mzee, hata katikati ya jenereta.

Na yule aliyesikia habari ya kurudi nyumbani peke yake, usiku, kwenye ekuteri inayokwaruza, asifunge mizigo asubuhi. Atembee mpaka kwa jirani kwanza, amuulize: «Ndugu, jana kwenye redio wewe ulisikia nini?»