KUNI SI KUNI TU

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kama wewe unatoka pande za joto, huenda maoni yangu yakakushangaza. Sisi wa Lari, huku juu karibu na msitu wa Kinale, hatuwashi moto kwa ajili ya ugali peke yake. Mwezi wa Julai ukiingia, ukungu hushuka alfajiri na hauondoki mpaka saa sita, na siku nyingine hauondoki kabisa. Baridi yake ni ya kukata mifupa. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa. Nikitoka shuleni jioni mahali pangu ni jikoni kwa mama. Hapo ndipo tunapoota moto, ndipo tunapokula, na ndipo ninapofanyia hesabu zangu daftari likiwa magotini.

Leo nataka kusema juu ya kuni. Najua wapo watakaocheka na kuuliza, "Kwani hakuna mambo makubwa ya kuandika?" Nami nawajibu kuwa jambo linalomlaza mtu hospitalini si dogo. Maoni yangu ni haya: tumekosea sana kusema kwamba kuni ni kuni. Kuni zinatofautiana, na asiyejua tofauti hiyo analipa kwa pesa zake, kwa miti ya babu zake na kwa kifua cha mtoto wake.

Hebu nikusimulie yaliyotupata. Mwaka jana, Julai ikiwa katikati, kuni zetu ziliisha. Mama akanunua mzigo wa mkaratusi kwa mwenye mkokoteni wa punda. Zilikuwa kuni nene, nzuri kwa macho, lakini zilikuwa mbichi. Tulipoziweka mekoni zilitoa povu kwenye ncha na kulia fyuu, fyuu, kama sufuria ya uji. Moshi ukajaa mpaka hatukuonana. Kitinda mimba wetu, mwenye umri wa miaka minne, akaanza kukohoa. Siku ya tatu kifua chake kilikuwa kikipiga filimbi usiku kucha. Mama akambeba mgongoni hadi zahanati, nami nikafuata nyuma na mwavuli.

Muuguzi alimpima, akampa dawa, kisha akamgeukia mama. "Mama mtoto, nyumbani mnawasha nini?"

"Kuni," mama akajibu.

"Kuni gani?"

Mama akanyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Swali hilo sikuwahi kulisikia tangu nizaliwe, ijapokuwa kuni nimezibeba tangu nikiwa darasa la pili.

Si sisi pekee tuliofikwa na hayo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, na kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ukitazama ni nani hukaa karibu na meko, utajua ni nani huumia zaidi: ni akina mama, wasichana na watoto wanaobebwa mgongoni.

Basi nikaanza kuuliza wazee, nyanya yangu akiwa wa kwanza. Kwake yeye hakuna kuni kama mutamaiyo, yaani mzeituni wa porini. Na kwa hakika ana haki. Mti huo ni mgumu na mzito, makaa yake hudumu mpaka asubuhi, na moshi wake si wa kuchoma macho. Wamaasai hutumia vijinga vyake kusafishia vibuyu vya maziwa, na maziwa yakapata harufu nzuri. Lakini mutamaiyo hukua polepole mno. Anayeupanda leo huenda asiwe yeye atakayeuota.

Wa pili ni muwati, ambao kwetu huitwa muthanduku. Huu nao hutoa moto mkali na makaa mazuri, tena hukua haraka, na mizizi yake huongeza rutuba ya udongo. Zamani watu waliupanda kwa ajili ya gome lake, ambalo hutumiwa kutengenezea ngozi. Wa tatu ni mkaratusi. Huo uliletwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili treni za reli ya Uganda zipate kuni, na reli yenyewe inapita papa hapa Uplands! Ukikauka vizuri ni kuni nzuri sana. Ukiwa mbichi ni adhabu. Wa nne ni mubariti, ambao wengine huuita grevilia. Moto wake ni wa wastani, lakini una sifa moja kubwa: unaweza kuupogoa matawi kila mwaka nao usife. Cha ajabu ni kwamba muwati, mkaratusi na mubariti, yote mitatu, asili yake ni Australia. Miti iliyotuokoa na baridi ni wageni.

Halafu kuna sipresi, ule wa ua wa shamba na wa mabanzi ya viwanda vya mbao. Sipresi hushika moto upesi kwa sababu ya utomvu wake. Hufaa kuwashia, lakini huisha kabla chai haijachemka. Na mwerezi? Mwerezi ni mti wa nguzo, kwani mchwa hawaupendi. Kuuchoma mwerezi ni sawa na kuchinja ng'ombe wa maziwa kwa ajili ya mchuzi wa siku moja.

Sasa msomaji utauliza, siri iko wapi? Siri ni mbili. Ya kwanza ni kwamba kuni zikikauka sawasawa, kilo moja ya mti huu hutoa joto linalokaribiana sana na kilo moja ya mti ule. Mutamaiyo hauna uchawi. Ni kwamba kipande chake ni kizito, ilhali kipande cha sipresi cha ukubwa uleule, vyote vikiwa vikavu, hufikia kama nusu ya uzito huo. Kwa hiyo ukinunua kuni kwa mzigo, chagua mti mzito. Lakini ukizipata zako mwenyewe, hata mti mwepesi utakutosha mradi uwe nazo nyingi zaidi.

Siri ya pili ndiyo kubwa: ni maji. Desemba iliyopita nilichukua mkaratusi uliokatwa siku hiyohiyo, nikaupasua vipande vyembamba na kuvipeleka kwenye mizani ya mwenye duka la viazi. Vilikuwa kilo 10. Nikavipanga chini ya paa la banda, upande upepo unakopita, nikavisahau. Katikati ya Machi, kabla ya mvua ya masika, nikavipima tena. Vilikuwa kilo sita na robo! Karibu kilo nne zilikuwa maji matupu. Ina maana mwaka ule mama alilipia maji, punda akabeba maji, na moto wetu ukashinda ukichemsha maji yaliyomo ndani ya kuni badala ya kutupasha sisi joto. Maji hayo ndiyo yaliyoupoza moto ukashindwa kuwaka, ukatoa moshi uliomlaza ndugu yangu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na nyanya yangu, kwa heshima zote. Ukavu wa kuni ni muhimu kuliko jina la mti. Mutamaiyo mbichi utakutoa machozi, na mubariti mkavu utakupa usingizi mzuri.

Jambo hili nusura lilete ugomvi nyumbani. Mpakani mwa shamba letu upo mutamaiyo mmoja mkubwa. Nyanya alipoolewa aliukuta umesimama hapo. Baada ya shida ya mwaka jana, baba alisema atauangusha. "Mti mmoja tu, na baridi nzima imepita," alisema.

"Lakini baba, mti huo ni wa heshima," nikasema.

"Watu hawaoti heshima," akanijibu.

Sitamlaumu. Yeye ndiye aliyekesha na mtoto asiyepumua vizuri. Nyanya alikuwa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, sisi tuliokota matawi yake makavu miaka yote. Ukiuangusha mwaka huu, mwaka ujao utaangusha nini?"

Nikaomba ruhusa nijaribu. Muwati wetu uko nyuma ya zizi, mubariti uko kando ya majani chai. Baba akanitazama, akasema, "Nakupa mpaka baridi iishe. Kuni zako zikitosha, mti utabaki. Zisipotosha, usije ukanililia."

Mimi na kaka yangu tulipasua na kupanga likizo yote ya Desemba. Mikono ilitoka malengelenge. Je, zilitosha? Nitasema kweli, kwa maana njia ya mwongo ni fupi. Hazikutosha. Ziliisha wiki ya kwanza ya Agosti, na baridi ilikuwa bado ipo. Jioni hiyo baba alichukua shoka akaenda mpakani, nami sikuweza kula. Alirudi na tawi moja lililokuwa limekauka. Hakusema neno, akalipasua, akaliweka mekoni. Mti bado umesimama. Na kitinda mimba wetu? Alikohoa mara mbili tatu, lakini zahanati hatukwenda. Sisemi kuni kavu zimemponya, mimi si daktari. Nasema tu kwamba jikoni mwaka huu tulionana nyuso.

Wapo watakaonipinga. Wa kwanza watasema, "Wacha kusifu mikaratusi, inamaliza maji." Ni kweli hunywa maji mengi, na kuipanda karibu na mto au chemchemi ni kosa kubwa. Lakini kosa hilo ni la mahali, si sababu ya kung'oa kila mkaratusi halafu usiku tukavamia msitu wa serikali. Ukataji wa miti katika misitu ya umma ulipopigwa marufuku mwaka 2018, mpaka marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka 2023, watu wengi walijua thamani ya mti wa nyumbani. Anayekataza bila kuonyesha njia nyingine huwafundisha watu kuiba.

Wa pili watasema, "Siku hizi kuna gesi." Sawa, mwenye uwezo na apikie gesi, tena namhimiza. Lakini ni familia gani ya mkulima mdogo itakayowasha gesi kuanzia saa kumi na mbili mpaka saa nne za usiku ili watu saba waote? Mwisho wake mtungi hukaa mezani umefunikwa kitambaa, na kuni zinaendelea kuwaka.

Wa tatu ndio wa hatari zaidi. Ni wale wanaoingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Wewe! Makaa hayana moshi wa kuonekana, lakini hutoa gesi ya kaboni monoksidi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Heri baridi ikuume uamke asubuhi ukilalamika.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila boma lipande miti ya kuni kama linavyopanda viazi. Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka 1977 baada ya kusikiliza akina mama wa vijijini waliolia kwa kukosa kuni na maji. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Kumbe suala la kuni lilitosha kufika mpaka huko! Pili, tukate kuni za Julai mwezi wa Desemba, tuzipasue, tuziinue kutoka ardhini na kuziwekea paa. Akiba haiozi. Tatu, jikoni kuwe na dirisha na tundu la moshi juu. Nne, tuiache miti ya polepole, mutamaiyo na mwerezi, itupe matawi yake makavu pekee.

Na la tano nawaambia wavulana wenzangu wa shule hii. Nani aliandika kwamba kuni ni kazi ya msichana? Nyote mnaota moto uleule. Kaka yangu alipopasua kuni Desemba hakupungukiwa na uanaume wake, na mimi nilipata saa mbili za kusoma ambazo sikuwa nazo mwaka jana.

Natamatisha kwa kukuachia swali lile la muuguzi. Jioni hii utakapofika nyumbani, kabla hujavuta kigoda karibu na meko, zitazame zile kuni na uulize: kuni gani? Kama ncha zake zinatoa povu, msomaji mwenzangu, jua kwamba mmenunua maji, na yule mdogo wenu anayekohoa pembeni ndiye anayeyalipia.