Wahuni Wachache Wana Majina

Agosti 2025, Kenya ikiwa mwenyeji wa fainali za CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, pamoja na Tanzania na Uganda, Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilipunguza idadi ya mashabiki walioruhusiwa kuingia uwanja wa Kasarani hadi 27,000, na kuamuru kwamba asiye na tikiti ya kielektroniki asikaribie lango. Timu ya taifa ilikuwa inafanya vizuri. Tarehe 10 Harambee Stars walikuwa wameilaza Morocco 1-0, na nchi nzima ilitaka kuwa uwanjani siku ya mechi na Zambia. Lakini mechi baada ya mechi watu walikuwa wamevamia malango, wengine wakapita bila tikiti, na Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, lilikuwa limeshatozwa faini. Aliyeumia ni yule aliyepanga kutoka Kitale usiku kucha, akiwa na hela za kiingilio mfukoni, akaambiwa nafasi zimekwisha.

CAF siilaumu. Kilichonichoma ni utetezi wetu, ule ule ambao kila anayefuatilia kandanda ya Kenya anaujua kwa moyo. Mashabiki wetu ni watu wema, tukaambiwa, ila kuna wahuni wachache. Tumeusikia baada ya viti kung'olewa, baada ya refa kukimbizwa hadi kwenye gari la polisi, baada ya kina mama wanaouza njugu nje ya uwanja kukanyagiwa mali yao. Nami nasema utetezi huu ni uongo, na wanaousema wanajua ni uongo. Tawi la mashabiki linalosafiri kutoka Bungoma au Kitale linamjua kila mmoja wa watu wake. Likikataa kumtaja aliyerusha jiwe, basi tawi zima limerusha jiwe hilo, na ladhibiwe hivyo.

Umati wa Kasarani, nakiri, ulikuwa mchanganyiko. Timu ya taifa ina mashabiki wasio na mwenyekiti wala kitabu cha mahudhurio, na huko kazi ya kupanga malango ni ya serikali na waandalizi. Mimi nazungumzia ligi, na hasa mapenzi yetu sisi watu wa magharibi mwa Kenya kwa klabu zetu kubwa.

Mapenzi hayo yana mizizi. AFC Leopards ilianza mwaka 1964 ikiitwa Abaluhya United, ikakusanya vilabu vya Waluhya chini ya jina moja, na ikabeba jina la Abaluhya hadi 1980 serikali ilipokataza majina ya kikabila katika michezo. Jina lilibadilika, moyo haukubadilika. Ukipita Bungoma mjini siku ya Ingwe, yaani Leopards, kucheza, huhitaji kuuliza. Gor Mahia nayo, iliyoundwa 1968 na iliyolileta Kombe la Washindi barani Afrika nyumbani mwaka 1987, ina watu wake Kitale kwa sababu Trans Nzoia ni kaunti ya wahamiaji, na kila jamii ilikuja na klabu yake pamoja na mbegu zake za mahindi. Watoto huirithi timu kwa baba. Ngoma ya isukuti, ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa haraka, wengi wa umri mdogo huiona uwanjani kabla ya kuiona harusini. Haya ni mambo ya thamani, na ndiyo maana yanaudhi yanapochafuliwa.

Nayo yamechafuliwa kwa damu. Oktoba 23, 2010, katika debi ya Ingwe na K'Ogalo, yaani Gor Mahia, uwanjani Nyayo, msongamano langoni uliua watu wasiopungua saba. Mwezi Machi 2012, kwenye uwanja huo huo na debi hiyo hiyo, kadi nyekundu kwa mchezaji wa Gor ilitosha kuzua vurugu; mechi ikasimama kwa muda mrefu na viti vikageuka silaha. Tangu hapo orodha imeendelea kurefuka, na adhabu zimekuwa zile zile: klabu kutozwa faini, kufungiwa uwanja, kuamriwa kucheza bila watazamaji. Faini inalipwa na klabu ambayo wachezaji wake wanadai mishahara. Lango likifungwa, linamfungia mzee aliyekuja na mjukuu wake. Aliyerusha jiwe yuko nyumbani anangoja mechi ijayo.

Sasa tulitazame tawi lenyewe, maana hapa ndipo hoja yangu yote ilipo.

Tawi si umati. Lina mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Lina kundi la WhatsApp ambamo mtu haingii bila kuongezwa na msimamizi. Mwanachama akifiwa, jina lake linaandikwa pale, michango inahesabiwa, na asiyetoa anajulikana kabla jeneza halijatoka mochari. Kukiwa na mechi Nairobi, karibu kilomita 400 kutoka Kitale, mweka hazina huanza kukusanya nauli mapema. Anaandika: fulani amelipa yote, fulani nusu, fulani atamalizia Ijumaa. Pesa nyingi zinapita kwa M-Pesa, ambayo huonyesha jina la mtumaji kwa kila shilingi. Basi likikodiwa, viti vinahesabiwa. Likiondoka Kitale, likapita Kiminini na Kamukuywa kwenda kubeba wenzao Webuye, kuna mtu mlangoni mwenye orodha mkononi, na asiyekuwa kwenye orodha haketi.

Orodha ipo, basi. Ipo imeandikwa, na mara nyingi imeandikwa mara mbili.

Uwanjani hali ni hiyo hiyo. Tawi haliketi ovyo. Wapiga ngoma wana mahali pao, anayeongoza nyimbo ana mahali pake, na kila mmoja anajua jirani yake ni nani tangu utotoni, tangu shule ya msingi, tangu steji ya bodaboda wanakofanyia kazi pamoja. Jiwe likiruka kutoka kwenye kundi la watu arubaini wa namna hiyo, watu thelathini na tisa wameuona mkono. Pengine watano wamejaribu kuuzuia. Usiku, basi linaporudi kupitia Nakuru na Eldoret, jambo hilo huzungumzwa tangu mwanzo wa safari hadi mwisho, tena wengine wakilicheka. Asubuhi kiongozi anaulizwa, naye anasema ni wahuni wachache waliojipenyeza, hatuwajui.

Hamuwajui! Mnamjua aliyebaki na deni la shilingi mia mbili za nauli tangu msimu uliopita, lakini hamumjui aliyempasua mwamuzi wa pembeni kichwa. Mnajua nani hakuchangia mazishi, lakini hamjui nani alibeba mawe kwenye mfuko. Huku si kutojua. Huku ni kuficha, na mwenye kuficha mhalifu huku akivaa jezi ile ile hana haki ya kudai tikiti za ugenini, wala kusimama kwenye mkutano mkuu wa klabu akaomba heshima ya tawi.

Viongozi wa klabu nao wasijifiche nyuma ya matawi. Uchaguzi wa klabu unapokaribia, wagombea hujua njia ya kufika kila tawi, kutoka Mumias hadi Kitale, na huwajua wenyeviti kwa majina ya utani. Mdhamini akitafutwa, idadi ya wanachama hutajwa kwa fahari. Siku ya hasara tu ndipo mashabiki wanakuwa watu wa mbali, wasio na anwani. Mashabiki hawawezi kuwa mali ya klabu siku ya kuhesabu faida na kuwa wageni siku ya kulipa viti.

Zipo hoja za upande wa pili, na si haki kuzipita kimya. Wapo wanaosema polisi wetu ndio wanaoanza, kwa vitoa machozi na marungu, na kwamba malango mabovu yameua wengi kuliko mashabiki wabaya. Nyayo ya 2010 inawaunga mkono, na uwanja wa Hillsborough, Uingereza, zaidi: watu 97 walipoteza maisha kutokana na mkasa wa 1989, mashabiki wakasingiziwa kwa miaka mingi, hadi baraza la uchunguzi wa vifo liliposema mwaka 2016 kwamba hawakuwa na hatia. Sawa. Wasimamizi wa malango wawajibishwe. Jiwe lililorushwa dakika ya themanini halikurushwa na lango.

Wengine wanasema marefa wanahongwa. Kwamba soka yetu ina uozo si siri: Zoo FC ya Kericho ilifukuzwa ligini mwaka 2021 kwa upangaji wa matokeo, na Januari 2023 FKF ikawasimamisha wachezaji 14 na makocha wawili kwa tuhuma za namna hiyo. Lakini uozo huo haukufichuliwa na kiti kilichorushwa uwanjani. Na kuna wanaoleta umaskini na ukosefu wa kazi, hoja inayowatukana vijana wengi wasio na kazi ambao hukaa Sudi Stadium ya Bungoma hadi filimbi ya mwisho bila kumgusa mtu.

Kinachonishinda kuvumilia zaidi ni madai kwamba haiwezekani kuwapata. Baada ya msiba wa uwanja wa Heysel, Ubelgiji, mwaka 1985, uliowaua watu 39 kabla ya fainali ya Liverpool na Juventus, vilabu vya Uingereza vilifungiwa mashindano ya Ulaya kwa miaka mitano. Lakini mambo hayakuishia hapo: picha zilichambuliwa, watu wakatafutwa, na mwaka 1989 mahakama ya Ubelgiji iliwatia hatiani mashabiki 14 mmoja mmoja. Tangu wakati huo Uingereza ina sheria ya kumzuia mtu fulani, kwa jina lake, asiingie uwanjani, na hata kumtaka asalimishe pasipoti timu inapocheza nje. Hapa jirani Uganda, Januari 2023, polisi wa Jinja waliwakamata mashabiki kadhaa wa Arsenal waliotembea barabarani na kombe la kuigiza kushangilia ushindi dhidi ya Manchester United, kosa lao likiwa kutembea bila kibali. Watu wa furaha walipatikana mchana kweupe. Sisi tuna simu mia nne zinazopiga picha kwenye kila vurugu, halafu tunaambiwa hakuna aliyeona.

Tanzania nayo imetuonyesha jambo hili linakokwenda linapoachwa. Machi 7, 2025, makomandoo (mabaunsa) wa Yanga waliwazuia wapinzani wao Simba kuingia Uwanja wa Benjamin Mkapa kufanya mazoezi usiku wa kuamkia debi. Simba wakagoma kucheza, na mechi kubwa kuliko zote Afrika Mashariki ikaahirishwa, mwishowe ikachezwa Juni 25. Kikundi cha watu, ambao klabu yao haiwezi kudai haiwafahamu, kilitosha kuisimamisha mechi hiyo. Hivyo ndivyo inavyokuwa mlinzi wa mapenzi ya klabu anapoona yuko juu ya kanuni, na matawi yetu kadhaa yamefika karibu sana na hapo.

Nina jambo jingine dogo. Tuna Trans Nzoia Falcons Kitale na Bungoma Queens Bungoma, wasichana wa kwetu waliowahi kucheza ligi ya juu ya wanawake. Matawi yanayosafiri usiku kucha kwenda Nairobi kwa jina la kuipenda kandanda ya nyumbani, ngoma zao ziko wapi wasichana hawa wanapocheza umbali wa kutembea kwa miguu?

Ninachotaka kinawezekana bila bunge kutunga sheria mpya. Sheria ya Michezo ya 2013 tayari inayataka mashirika ya michezo yasajiliwe kwa Msajili wa Michezo. Klabu ilitambue tawi pale tu linapokabidhi majina ya wanachama na ya viongozi wanaoweza kuitwa. Kabla ya mechi ya ugenini, orodha ya abiria ipelekwe kwa klabu mwenyeji pamoja na nambari ya gari, na tawi likae sehemu moja inayojulikana. Kukitokea vurugu kutoka sehemu hiyo, tawi lipewe siku saba. Likileta jina, mwenye jina afungiwe na akabidhiwe polisi, na tawi liendelee kusafiri. Lisipoleta, lisikanyage ugenini msimu mzima, na gharama ya kilichovunjwa itoke kwenye hazina yake, ile ile inayokodi mabasi.

Nimeshaambiwa kwamba hilo litawagombanisha majirani, kwamba hakuna kijana wa Kanduyi atakayemtaja mwenzake. Huenda wa kwanza akapata taabu. Lakini Masinde Muliro, uwanja wa hapo Kanduyi uliokarabatiwa kwa kodi zetu tukaandaa sherehe za Madaraka za 2024, umezungukwa na watu hao hao wanaojuana kwa majina, na siku viti vyake vitakapong'olewa, nitakwenda kwanza kwa mweka hazina wa tawi kumwomba daftari la nauli.