Rapa wa Dandora na Madhabahu Yetu

Jana nilipita River Road, penye maduka ya muziki, nikakumbuka Mtaa Mentality, albamu ya kwanza ya Juliani, 2008. Kijana wa Dandora, ametoka Ukoo Flani Mau Mau, anamhubiri Yesu kwa Sheng. Mimi nilisema hiyo si injili. Mwaka huohuo nikamnyima maiki kijana wetu aliyetaka kurapu ibadani. Alitoka, hajarudi.

Na bado nilikuwa nikifundisha Matendo 17:28, Paulo kule Athene akitumia maneno ya washairi wao wenyewe! (Suruali zile bado sizipendi, nisiwadanganye.)

Jumapili vijana watarapu kabla ya neno. Wazee wangu, tafadhali msitoke nje. Na anayejua alipo yule kijana, amwambie pasta anamtafuta.