Tabibu na Mwenye Kufunga

Ramadhani iliyopita mzee mmoja wa msikiti wetu, hapa Iringa, mwenye ugonjwa wa sukari, alimficha tabibu kwamba amefunga, kwa kuogopa kukemewa. Alasiri akazimia.

Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitoa mwongozo juu ya saumu: mgonjwa aonwe wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, sukari ikishuka chini ya miligramu 70 kwa desilita, afungue. Tabibu aliyeko Mbeya aweza kuusoma kwa intaneti. Lakini watungao masomo yake wasipoketi na wazee wetu, watamfundisha kipimo, wasimfundishe namna ya kuuliza.

Nasi walimu wa chuoni hatukupata kumwambia mzee yule kwamba kutobolewa kidole kwa kupimwa hakubatilishi saumu.