Pedali ikikawia kurudi, gari lisitoke



Juma hili tunaongea juu ya gari. Tusiseme ni mambo ya wanaume. Ni sisi tunaopanda humo na mizigo yetu, watoto wakiwa juu ya magoti.

Gari la kikundi chetu linaleta makabichi kutoka Kavumu mpaka Bukavu. Shofere alitueleza mara mbili kwamba pedali ya akseleratere imekuwa nzito, na hata akiondoa mguu, motere inakawia kutulia. Tukakaa kikao. Pesa ya sanduku tulikuwa tumeiweka kwa masomo ya watoto wa wajane. Tukasema tungoje. Fundi akapaka mafuta kwenye waya, tukaona yamekwisha.

Siku ya soko, kwenye mtelemko, pedali ikabaki chini. Gari likazidi kwenda mbio. Shofere alikaza freni bila kuiachilia, akakanyaga ambreyaje na kuondoa vitesi. Motere ililia sana, lakini haikusukuma tena magurudumu. Gari liliposimama kando ya barabara, ndipo akaizima. Hakuchomoa ufunguo gari likitembea, kwa maana usukani ungeweza kujifunga. Hakuna aliyeumia. Tulishuka tukitetemeka, na kosa lilikuwa letu, si lake.

Kwenye garaji tulionyeshwa waya ule. Ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, zinapita ndani ya mpira. Ukikanyaga pedali, waya unavuta na kufungua kaburatere. Nyuzi kadhaa zilikuwa zimekatika, ncha zake zikakwama ndani ya mpira. Mafuta hayaungi uzi uliokatika. Dawa yake ni kubadilisha waya mzima.

Mama anayelipa fundi aangalie mambo haya:

1. Waya mpya uwe na urefu na vichwa sawa na ule wa zamani.
2. Upite njia ileile, usikunjwe sana, usiguse bomba la moshi.
3. Uachwe ulegee kidogo tu. Ukikazwa sana, motere haitatulia. Ukilegea sana, gari litakosa nguvu kwenye mlima.
4. Kabla ya kuwasha motere, mtu mmoja akanyage pedali mpaka mwisho, mwingine aangalie kwenye kaburatere. Ifunguke yote, na mguu ukiondoka ijifunge mara moja yenyewe.

Waya huo tulilipa bei iliyo chini ya gunia moja la makabichi. Tulipohesabu watu waliokuwa ndani siku ile, tulinyamaza. Wawili kati yao walikuwa wale watoto tuliotaka kuwalipia masomo.

Sasa imeandikwa katika daftari la kikundi: shofere akisema pedali inakawia kurudi, gari halitoki, hata kama ni siku ya soko.

Mama, leo jioni muulize shofere wako: pedali inarudi vizuri?

Tuonane juma lijalo.